Ndoto Ile Ile Tena

Najua wengi wenu mmekwisha kula, watoto wamelala, na taa iko karibu kuzimwa. Wengine mko kazini: bawabu langoni, muuguzi wodini, dereva wa lori aliyesimama Mtito Andei anywe chai kidogo. Lakini leo nataka kusema hasa na yule aliyeacha redio yake wazi kwa sababu hataki kulala. Hana kazi inayomkesha. Anakiogopa kitanda chake.

Ayubu alimfahamu mtu wa namna hiyo, maana ndiye alikuwa yeye mwenyewe. Katika sura ya 7, mstari wa 13 na wa 14, anamlalamikia Mungu kwamba alidhani kitanda kingempunguzia uchungu, kumbe huko nako ndoto zinamngojea zimtishe. Fikirini: mchana umemnyang'anya mali, watoto na afya, na usiku nao haumwachi. Nafurahi kwamba Biblia haikuyaona malalamiko hayo kuwa madogo mno yasiandikwe.

Tangu nilipozungumza hapa juu ya habari za Yusufu, nimepokea barua na ujumbe mwingi wa simu, na karibu wote unauliza swali moja: "Mchungaji, mimi huota ndoto ile ile tena na tena. Ina maana gani?" Mmoja huota amerudi darasani, mtihani umeanza, naye hajasoma lolote. (Hiyo hata mimi huiota. Nilitoka chuo cha theolojia zamani, lakini hadi leo usiku hunikuta mbele ya karatasi ya Kiyunani, sina kalamu.) Mwingine huota meno yake yanang'oka. Mwingine humwona marehemu mumewe akija mlangoni kuomba chakula. Mwingine huona mtoto wake anachukuliwa na maji.

Sitazijibu moja moja, na nitawaambia sababu. Wako watu wanaouza vijitabu vyenye orodha: meno ni kifo, nyoka ni adui, samaki ni mimba. Wako wengine wanaotaka kwanza uwatumie pesa kwa simu, ndipo wakufumbulie. Ndugu yangu, kama mtu hajakuuliza jina lako, wala unaishi vipi, wala ni nini kilichokupata, anajuaje ndoto yako inasema nini? Weka pesa zako.

Lakini mtu atanijibu, "Mchungaji, Biblia yenyewe inasema ndoto ikirudi mara mbili imetoka kwa Mungu, nayo lazima itimie." Hapo ndipo yatupasa kukaa kidogo. Mstari wanaoutaja ni Mwanzo sura ya 41, mstari wa 32. Mnaikumbuka habari yenyewe. Farao aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Akaamka. Akalala tena, akaota masuke saba mema yakimezwa na saba membamba. Wenye hekima wote wa Misri walishindwa. Yusufu akatolewa gerezani, akanyolewa, akabadilishwa nguo, akasimama mbele ya mfalme. Akamweleza kwamba ndoto zote mbili ni moja, na kwamba Farao ameota mara mbili kwa sababu Mungu amekwisha kulikata shauri hilo, naye atalitenda upesi.

Yusufu alimwambia Farao habari ya ndoto ile. Hakutunga sheria ya kila ndoto ya kila mtu. Lakini wako wahubiri walioufanya mstari huo kuwa muhuri. Mama mmoja wa parishi yetu alimsikia mmoja wao, na wiki zile alikuwa ameota mara mbili kwamba mwanawe amesombwa na mto. Ilikuwa masika, na shule iko ng'ambo ya daraja. Alimweka kijana nyumbani muhula mzima. Mwalimu alikuja, akajibiwa kwamba Mungu amekwisha kusema. Kijana alikuwa darasa la nane. Mto haukumdhuru mtu mwaka ule, na kijana alifanya mtihani wake kwa masomo ya nusu mwaka. Mama huyo alimpenda mwanawe kabisa. Ni yule aliyemfundisha nusu ya mstari ambaye ningependa kuzungumza naye.

Maana hebu soma mstari unaofuata, wa 33, na kuendelea. Yusufu hapumui. Mara tu anapokwisha kueleza, anamwambia Farao atafute mtu mwenye akili, aweke wasimamizi katika nchi, akusanye sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, aweke akiba mijini. Hapana kafara hapo, hapana maji ya kunyunyiza, hapana malipo ya mfasiri. Kuna maghala. Ndoto ilichukua usiku mmoja. Kazi ilichukua miaka saba, mchana, kwenye jua la Misri, watu wakipima nafaka.

Na Yusufu mwenyewe, je? Naye aliota mara mbili jambo moja, kwanza miganda, halafu jua na mwezi na nyota kumi na moja. Alikuwa kijana wa miaka 17. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ongeza miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, utaona kwamba tangu kuota mpaka siku aliyojitambulisha kwa ndugu zake ilipita miaka kama 22. Katika miaka hiyo yote hatusomi mahali popote kwamba aliketi gerezani akizichambua ndoto zake. Alitunza hesabu za nyumba ya Potifa, akawahudumia wafungwa, akawauliza asubuhi mbona nyuso zao zimekunjamana. (Na tukubali kwamba hakuwa na busara alipozisimulia mbele ya ndugu waliokuwa wakimchukia. Si kila ndoto inafaa kusimuliwa wakati wa chai.)

Basi, tukirudi kwa msikilizaji wangu asiyetaka kulala, mimi huanza na mwili, maana Mungu ndiye aliyeuumba.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, waliandika kwamba usiku kuna vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala huchezacheza upesi chini ya kope, na kwamba ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakuambia alikuwa akiota. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika kama 90, mara nne au tano kwa usiku. Kwa hiyo kuota si ajabu; ajabu ni kukumbuka. Na chochote kinachougusa ubongo huweza kuigusa ndoto: homa ya malaria, pombe, na hata pombe iliyoachwa ghafula, huzuni, na dawa.

Juu ya dawa nina jambo la kuwaambia. Kijana mmoja, sitasema wa wapi, alikuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Siku hizo vidonge vilivyotolewa kwa wengi hapa Kenya vilikuwa na dawa iitwayo efavirenzi, iliyomezwa usiku kabla ya kulala. Akaanza kuota. Kila usiku watu wasio na nyuso wanamfukuza shambani, naye miguu haiendi. Akaombewa. Akaambiwa kwamba kidonge kile kimeingiwa na pepo. Kuna kitu kimoja cha kweli katika maneno hayo: ndoto zile zilikuwa zikitoka katika kidonge. Akakiacha. Alipofika kwangu mwaka uliofuata, alikuwa akikohoa na suruali imemlegea kiunoni.

Nilikwenda naye kliniki. Muuguzi, mama mtu mzima, hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa ukimeza saa ngapi, na baada ya kula nini?" Akamweleza kwamba ndoto kali ni jambo linalojulikana la dawa ile, wala si siri, na kwamba chakula chenye mafuta mengi huzidisha. Ilibidi atibiwe kifua kikuu kwanza, miezi sita. Tangu mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa dawa nyingine, dolutegraviri, mahali pa ile, naye alikuwa miongoni mwa waliobadilishiwa baadaye. Leo ana mke. Lakini aliwahi kuwa karibu sana na kaburi kwa sababu ya ndoto ambayo maana yake yote ingeelezwa kwa dakika tano. Wewe unayeota vibaya tangu ulipoanza dawa fulani, usiiache. Kesho asubuhi nenda ukamwulize aliyekupa.

Sasa nije kwa ndoto ya namna nyingine. Katika parishi yangu ya kwanza palikuwa na mzee aliyestaafu akarudi nyumbani Taita, baada ya kufanya kazi ya ukarani Nairobi miaka mingi. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa ofisini, katika jengo lililo jirani na ubalozi wa Marekani. Wenye umri wangu mnaikumbuka siku ile. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nasi tuliizunguka redio ya mwalimu. Kabla ya mlipuko mkubwa palikuwa na mlio mdogo, wa guruneti lililotupwa langoni. Watu wa majengo ya karibu waliusikia wakakimbilia madirishani watazame kuna nini. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi walipofuka kwa sababu vioo viliwakuta nyuso zao zikiwa dirishani.

Mzee huyu alikatwa mkononi na shingoni, akapona. Lakini ndoto ikaanza. Amesimama dirishani. Anageuka, anamwita karani mwenzake, mama aliyekuwa akiketi meza ya pili: "Njoo uone!" Anamwona mama yule akiinuka, anakuja akitabasamu. Mzee anataka kumwambia arudi, na kinywa hakifunguki. Kisha mwanga mweupe. Mara mbili au tatu kwa juma, zaidi ya miaka kumi. Mkewe alihamia chumba kingine, wala si kwa ugomvi. Alikuwa akipigwa ngumi na mtu aliyelala.

Alipokwenda kwa nabii mmoja aliambiwa kwamba roho ya mama huyo inamfuata ili imchukue, akauza ng'ombe kwa ajili ya sadaka. Halafu akaja kwangu. Nami nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikampa Zaburi ya 91 aisome kila usiku, nikajiona nimefanya kazi. Baada ya miezi miwili akarudi. "Mchungaji," akasema, "nimeisoma mpaka naijua kwa moyo, nayo ni nzuri, na bado naota." Aliniambia kwa upole kana kwamba ananisamehe.

Hata wakubwa wa elimu hiyo walikwama hapo. Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, katika kitabu chake cha mwaka 1900 alifundisha kwamba ndoto ni tamaa iliyofichwa inayojitimiza usingizini. Vita Kuu ya kwanza ikaja. Mwaka 1920 ilimbidi akiri kwamba ndoto za watu waliopatwa na misiba mikubwa, zinazowarudisha kila usiku pale pale pa hofu, haziingii katika kanuni yake. Nani atamani kurudi pale? Jeraha la moyo hufanya kama jeraha la mwili: huuma mahali palipokatwa. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huo katika kitabu chao cha maradhi, na ndoto hizo zinazorudi ni mojawapo ya dalili zake.

Na kuna tiba, ambayo wengi hawajaisikia. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao na wanawake 168 wa jimbo la New Mexico waliokuwa wamenajisiwa, nao wakiota vibaya tangu hapo. Walifundishwa jambo ambalo ukilisikia utacheka. Mtu aandike ndoto yake mchana. Aibadilishe vyovyote anavyotaka mwenyewe. Kisha kila siku, akiwa macho, aipitie akilini ile mpya, wala si ile ya zamani. Wengi wa waliofanya hivyo walipungukiwa na ndoto mbaya, wakalala.

Mshauri wa hospitali tuliyompeleka mzee wetu alimfundisha njia hiyo. Akanunua daftari la kurasa 48. Katika ndoto yake mpya alipogeuka kutoka dirishani hakusema "Njoo uone." Alisema, "Ingia chini ya meza." Alikuwa akiisoma kila alasiri chini ya mparachichi wake, miwani puani, kama mtoto anayejifunza shairi. Ndoto ikapungua, ikafika mara moja kwa mwezi hivi.

Lakini kuandika kulileta jambo jingine. Alipoyaona yale maneno mawili kwenye karatasi alilia, kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu. Mkewe hakujua. Miaka ile yote alijihesabu kuwa ndiye aliyempofusha mama yule. Alisikia tu kwamba yu hai, macho yote mawili yamepotea, naye amerudi kwao upande wa Ukambani. Hakuwahi kumtafuta. Nikamwuliza kama yuko tayari kwenda. Alinyamaza majuma matatu, halafu akanipigia simu kuniuliza nauli ya basi ni kiasi gani.

Tulikwenda wawili. Mama yule alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi, na vidole vyake vilikwenda upesi kuliko vyangu. Aliitambua sauti mara moja, akalitaja jina. Mzee wangu alipiga magoti mbele yake akayasema yote. Mama akaacha mahindi. Akasema, "Wewe uliniita? Hukuniita. Mimi nilikuwa nimekwisha fika dirishani kabla yako. Wewe ndiye uliyekuja ukasimama kulia kwangu, nikasogea kidogo ili upate nafasi." Halafu akaongeza, "Nimeomba miaka hii yote nisije nikawa ndiye niliyekuziba."

Ndugu wasikilizaji, ndoto ile ilikuwa imekuja mara mia na mia, kwa sauti ile ile, kwa maneno yale yale, na haikuwa kweli. Yeremia, katika sura ya 23, anaitenga ndoto na neno la Bwana kama makapi yatengwavyo na ngano. Mzee wetu alikula makapi miaka zaidi ya kumi, akauza na ng'ombe juu yake, na ngano ilikuwa barazani Ukambani, safari ya mchana mmoja. Yeye bado huota mara chache, hasa gurudumu la lori likipasuka barabarani. Lakini hajihukumu tena.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mama anayemwota marehemu mumewe mlangoni atasema nimemkwepa. Basi nitawaambia yangu, ingawa hainipi sifa.

Baba yangu alifariki mwaka 2011. Baada ya miezi mitatu nilimwota. Amesimama nje ya ua wa nyumba yetu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu aliyekuja kuomba kitu kwa watu. Namwambia, "Karibu, baba." Hajibu. Anatazama chini mteremkoni. Naamka. Akaja tena, na tena, kila mwezi au miezi miwili.

Ami yangu alisema marehemu anataka pombe imwagwe. Mchungaji mwenzangu alisema nimkemee pepo aliyevaa sura ya baba. Mimi nilikuwa na jibu la kitabu: huzuni, nikasema, ubongo unafanya kazi yake. Nililisema jibu hilo miaka miwili, naye baba hakuingia ndani ya ua.

Siku moja shangazi yangu alitutembelea. Ni mama wa Umoja wa Akina Mama, wala hamwagi pombe. Nikamsimulia ndoto kama kichekesho tukinywa chai. Hakucheka. Aliuliza, "Anatazama upande gani?" Nikajibu, chini, upande wa chemchemi. Akaweka kikombe. "Basi mbona waniuliza mimi?"

Chini kule chemchemini kuna kipande cha shamba ambacho baba alimwonyesha dada yangu mbele yetu sote, aliporudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa yake kuvunjika. Alipanda nduma na kabichi. Tulipomzika baba, ndugu zangu wakasema binti aliyekwisha olewa hana shamba kwao. Akaambiwa aondoke. Akapanga chumba Voi akauza mboga. Mimi nilikuwapo katika kikao kile. Nilijua kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimbagui binti na mwana. Sikusema neno. Na mwishoni waliniomba nifunge kwa sala, nikasimama, nikaomba juu ya umoja wa jamii yetu.

Wazee wetu wa Taita walikuwa na desturi ya kutasa. Mtu alijaza kinywa maji ya miwa au pombe, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira, maana waliamini hasira iliyofichwa moyoni ndiyo huleta magonjwa nyumbani. Sifanyi hivyo, nami siwafundishi kufanya. Lakini walijua kuuliza swali ambalo mimi mwenye stashahada ya theolojia sikuliuliza: hasira iko wapi, na nani ameificha?

Ilichukua miaka mitatu. Nilikwenda kwa kaka yangu mkubwa kwanza, peke yangu, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Akanifukuza. Nikarudi na shangazi na mzee mmoja wa kanisa. Krismasi mbili hatukula pamoja. Tukaenda kwa chifu, kisha mahakamani kwa habari ya mirathi, kisha mpima ardhi, ambaye alilipwa kwa mbuzi wangu wawili na mshahara wa mwezi. Mwaka 2016 dada yangu alipata kipande chake kwa maandishi. Kaka yangu hunisalimu sasa, lakini kwa mbali, na siwezi kuwaambia kwamba jambo hilo limekwisha.

Sisemi kwamba baba alitumwa kwangu kutoka kwa wafu. Katika Luka 16 yule tajiri aliomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano, akajibiwa kwamba wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Mimi nilikuwa nao pia, nikiwasoma kila Jumapili mbele za watu. Habari ya dada yangu sikufunuliwa usiku. Niliijua mchana, na mchana ndio niliokataa kuitazama. Mama unayemwona mumeo akiomba chakula mlangoni, usimwogope, wala usimpikie. Yuko mikononi mwa Mungu. Lakini hebu fikiri kama kuna mtu wa nyumba yake, aliye hai, ambaye anashinda na njaa.

Nilimwota baba mara moja tena, mwaka uleule wa 2016. Kofia ilikuwa kichwani. Alikuwa amenipa mgongo, anateremka polepole kuelekea chemchemini, kama alivyofanya kila jioni kwenda kutazama maji.

Tuombe. Ee Bwana, usiyesinzia wala kulala, mkumbuke kila anayekiogopa kitanda chake usiku huu, na yule aliye macho kwa ajili ya kumlinda au kumwuguza mwingine. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Lala salama, msikilizaji.